Jina Ambalo Scolastica Hakulitaja

Ndugu, jamaa na majirani mliotoka Mchombe, Michenga na hapa Ifakara, tunaomba utulivu. Anayesomewa ni marehemu Scolastica binti Teofili, na anayesoma ni mdogo wake, Mwalimu Fridolin. Familia imetaka maisha yake yasemwe kwa Kiswahili, lugha ambayo mwenyewe hakuimudu, ili asiwepo wa kusema baadaye kwamba hakuelewa.

Marehemu alizaliwa Mchombe tarehe 10 Februari 1921, siku ya mtakatifu aliyempa jina, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Teofili na Mama Apolonia. Umri wa kusoma ulipofika, shule ya misheni ilikuwepo, lakini Mzee Teofili aliona Kiswahili ni cha wavulana, maana ndio watakaoitwa bomani. Scolastica akapata mafundisho ya komunyo ya kwanza, basi. Kwa Kiswahili aliweza kusalimu na kununua chumvi. Kwa Kindamba hakuwa na mpinzani. Wanawake walimfuata awasuluhishe, na akiingia nyumba yenye ugomvi hatoki mpaka watu wacheke.

Tarehe 6 Agosti 1938 alifunga ndoa kanisani Ifakara na Valeriani, mvuvi na mkulima wa Michenga, mwana wa Mzee Polikarpo. Anayesoma hapa si mkwe wa mzee huyo, kwa hiyo ana ruhusa ya kumtaja. Scolastica hakuwa nayo. Wote tuliopo tunajua kwamba kwetu mke hatamki jina la baba mkwe, awe hai au amekufa, na akiwa amekufa ndiyo kabisa. Yeye alilishika hilo kuliko wenzake. Jirani alipombatiza mwanawe Polikarpo, Scolastica alimwita mtoto huyo Januari, kwa kuwa sikukuu ya mtakatifu huyo iko mwezi huo, na mpaka leo kijana anaitika kwa Januari. Mzee mwenyewe alipenda sana jambo hilo, akawa anamsifia mkwewe kila penye pombe.

Kazi yake ilikuwa mpunga. Mwaka 1949, Valeriani akiwa kwenye kambi za uvuvi, Scolastica alifyeka matete ya bondeni kwa mikono yake, na Mzee Polikarpo akamkabidhi shamba lile mbele ya wazee wa Michenga, liwe lake na watoto wake. Mzee alifariki mwaka 1952. Mwaka 1954 kiboko alipindua mtumbwi wa Valeriani, naye hakuonekana tena.

Hapo ndipo alipotokea Bwana Hermenegildi, mtoto wa kaka yake Mzee Polikarpo, aliyekuwa karani kwenye mashamba ya mkonge. Alisema shamba lilikuwa la baba yake, na mjane aliazimwa tu. Baraza la Michenga lilimkatalia. Wazee walikuwepo siku ya kukabidhi, wakaeleza walichokiona, na Scolastica hakuulizwa jina la mtu. Bwana Hermenegildi akakata rufaa kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali aliyeamua kesi za wilaya.

Rufaa ilisikilizwa Ifakara Jumanne, tarehe 18 Oktoba 1955. Wazee hawakuitwa. Mkalimani alikuwa Bwana Sebastiani, mtu wa upande wa Mahenge, mwenye mke na wakwe kama sisi. Scolastica aliulizwa nani alimpa shamba. Akajibu kwa Kindamba, maneno mengi na mazuri, kwamba ni yule aliyemzaa mume wake, ambaye yeye hawezi kumwita. Mkalimani akasema kwa Kiswahili kwamba ni baba mkwe. Bwana Hermenegildi akasimama na Kiswahili chake kilichonyooka, akaeleza kwamba huku baba wakubwa na wadogo wote ni baba, kwa hiyo huenda anayesemwa ni baba yake yeye.

"Ataje jina," alisema Bwana Shauri.

Scolastica aliinamisha uso. Akaambiwa tena, akapiga magoti, kama anavyofanya mke mwenye adabu akibanwa. Fridolin alisimama kueleza, askari akamkalisha, akisema mkalimani wa serikali yupo. Bwana Shauri akamuuliza mkalimani mwanamke ana nini.

"Hataki kusema," Bwana Sebastiani alijibu.

Basi. Ilihukumiwa kwamba mjane anaficha kitu, na shamba likaenda kwa Bwana Hermenegildi. Nje, Fridolin alimuuliza mkalimani kwa nini hakueleza mila anayoijua hata yeye. Alijibu bila haya, "Mimi naulizwa mtu anasema nini. Siulizwi kwa nini hasemi." Familia hii iliumia, na inaumia bado.

Scolastica alihamia Ifakara na watoto wake, binti Aurelia na mdogo wake Viktor. Miaka minne alivuna mashamba ya watu kwa kugawiwa mafungu, na yule aliyepatanisha wengine akawa mtu wa kunyamaza. Kikohozi kilimwanza mwishoni mwa mwaka 1957. Mwezi wa Mei mwaka huu alilazwa hospitali ya misheni, ambako alihudumiwa vizuri, na tunashukuru. Mdogo wake Margareta, aliyemuuguza, alimwuliza siku moja kama hajutii kutolitaja lile jina.

"Ningelitaja, ningelima shamba lake kwa uso gani?" alisema. Kisha akaongeza, "Lakini Aurelia akiolewa, mwambieni yeye aseme."

Alifariki alfajiri ya jana, Ijumaa, tarehe 10 Julai 1959, akiwa na miaka thelathini na minane. Tulitaka kumzika Michenga, karibu na wakwe zake, lakini makaburi yao yamo ndani ya shamba lile. Ndiyo maana tuko hapa.

Ameacha watoto wawili, Aurelia na Viktor, mama yake mzazi Apolonia, na wadogo zake, Margareta na Fridolin.

Familia inawashukuru Mapadre, wanawake waliolala matangani, na wote waliochanga. Kwa namna ya pekee inamshukuru Bwana Hermenegildi, aliyeko pamoja nasi, kwa magunia mawili ya mchele mpya aliyoleta jana jioni. Ni mchele mzuri, wa bondeni Michenga, wa msimu huu. Wageni wote mtaandaliwa wali baada ya maziko, na tunawaomba mle mshibe. Aurelia na Viktor wamesonga ugali wao pembeni, msiwalazimishe.

Mungu ampokee Scolastica, ampe amani aliyonyimwa.