Koti Yako Iko Tayari

Benchi la kahawa limebanwa kati ya kinyozi na kibanda cha fundi viatu, na mguu wake mmoja umewekewa tofali. Wenyewe wanajulikana. Yupo Wembe, kinyozi anayemwacha mteja na povu shavuni akimbilie mjadala. Yupo Soli, fundi viatu, ambaye humtazama mtu miguuni kabla ya kumwitikia salamu. Yupo Breki, dereva mstaafu, asiyeamini kitu chochote kisicho na usukani. Na yupo Asilimia, mtengeneza tovuti, aliyepachikwa jina hilo kwa sababu kompyuta yake imejaa alama za asilimia. Asubuhi hiyo Asilimia alikuwa roho juu, na kahawa yake ilipoa bila kuguswa.

— Mwalimu amenikataa, alisema.

Hakuna aliyeuliza Mwalimu yupi. Ni yule mstaafu wa Kiswahili mwenye karakana ya ushonaji ng'ambo ya barabara, na, kubwa kuliko yote, ni mama wa binti ambaye Asilimia alimpenda mpaka akawa anasahau kula. Asilimia alimtengenezea mama huyo tovuti ya kuwajulisha wateja kwamba nguo zao zimekamilika, akitumaini itamfungulia mlango. Leo mteja wa kwanza kaifungua, akasoma kwa sauti mbele ya Mwalimu: "Koti yako iko tayari."

— Anasema mtu asiyejua kusema "koti lako" hawezi kuwa mkwe wake. Nirekebishe kabla ya saa sita, la sivyo nimsahau binti.

— Saa sita hii hii? Soli aliuliza.

— Hii hii.

Wembe aliinama kwenye kompyuta. Palikuwa na mstari mmoja: printf("%s yako iko tayari, %s.", $nguo, $jina);

— Ugonjwa nimeuona, alisema. Umeandika asilimia, hukuandika ngapi. Mashine imekadiria.

— Siyo asilimia, kaka. Hilo ni tundu. Tundu la kwanza linatiwa jina la nguo, la pili jina la mteja. Katikati maneno yanabaki kama nilivyoyaandika.

— Na hiyo F kwenye printi? Breki alidakia.

— Maana yake maneno yanachapwa kwa mpangilio.

— Mpangilio gani! F ni fitina. Kuna mtu anamtaka yule binti.

— Tulia, mzee, Soli alisema. Asilimia, hukuijaribu kwanza?

Asilimia aliona haya. Aliijaribu sana. Aliijaribu kwa suruali, suti, sketi na kaptula, na zote zikaitika vizuri "yako iko". Akajipongeza, akafunga kazi.

— Basi kazi ndogo, Soli alisema. Mwalimu abandike tangazo mlangoni: makoti hayapokelewi.

— Na magauni? Asilimia aliuliza.

— Nayo yarudi nyumbani.

— Ninyi mnazunguka, Breki alisema. Mashine hii imezaliwa kwenye baridi. Huko mtu havui koti, kwa hiyo mashine inajua koti ni ngozi. Na ngozi ni "yako iko". Mashine haina kosa!

— Mzee, unanifundisha mimi habari za ngozi? Soli alifoka, kiatu mkononi.

— Mimi nasema tuibadilishe lugha yenyewe, Wembe alipaza sauti. Kila kitu kiwe "yako iko". Mke yako iko, mtoto yako iko. Watu wapumzike.

— Vuka barabara ukamwambie Mwalimu, Asilimia alimjibu.

Wembe akakumbuka kahawa yake, akainywa.

Asilimia aliuma meno akaanza kuandika. Alitengeneza orodha: koti, "lako liko", gauni, "lako liko", vitambaa, "vyako viko", mapazia, "yako yako". Kisha akaongeza matundu kwenye ule mstari. Alipojaribu, ukurasa wote ulikufa, likabaki onyo jekundu. Saa ilikuwa sita kasoro dakika nane.

— Hebu, Wembe alisema, akihesabu kwa kidole. Matundu ni manne. Vitu vya kutia ni vitatu. Tundu moja lina njaa.

Asilimia alimtazama kinyozi kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa. Katika haraka zake alikuwa amelifuta jina la mteja. Akalitia.

"Koti lako liko tayari." "Vitambaa vyako viko tayari." "Mapazia yako yako tayari."

— Yako yako? Breki alishtuka. Imekwama hiyo! Ipige kofi!

— Haijakwama, mzee! Ndiyo Kiswahili chenyewe!

Walikuwa bado wanacheka dirisha la karakana lilipofunguka. Mwalimu alitoa kichwa, rula ndefu ya kukatia vitambaa mkononi.

— Wewe! Fungua ukurasa, andika jina lako!

Asilimia aliandika. Mwalimu alikuwa amemwingiza kama mteja, na penye jina la nguo akajaza maneno yake mwenyewe. Maneno hayo hayakuwamo kwenye orodha, na neno lisilomo hurudia ule mtindo wa zamani. Kwa hiyo kioo cha kompyuta kilisema: "Mama mkwe yako iko tayari, Asilimia."

Benchi zima lilipiga kelele. Soli alimkumbatia, Breki akamwaga kahawa.

Mama mmoja aliyekuja kuchukua viatu vyake kwa Soli alichungulia kioo, akasoma, kisha akatazama dirishani.

— Samahani jamani. Yuko tayari kwa lipi?

Wembe aliiona ile rula, akarudi mbio kwa mteja wake mwenye povu. Dirishani Mwalimu hakucheka wala hakununa.

— Ngoja nikamwulize mwenyewe, Asilimia alisema. Alifunga vifungo vya shati, akavuka barabara mbio kwa furaha, na ile sentensi akaiacha vilevile, na makosa yake yote.