Asubuhi ya Jumatatu: Wasifu wa Rachael Nyaguthii, Fundi wa Sare wa Sotik

Tunayemsindikiza leo ni Rachael Nyaguthii Naftaly. Wengi wenu mlimjua kama Mama Steve, na sisi wajukuu tulimwita Cucu. Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1963 huko Kinangop, Nyandarua, mtoto wa pili wa marehemu Kuria Gathogo na marehemu Tabitha Wangeci. Mwaka wa 1971 wazazi wake walihamia Sotik kuuza viazi na kabichi, na hapa ndipo alipokulia. Lugha ya Kipsigis alijifunza sokoni, nyuma ya magunia ya viazi, kabla hajajua vizuri Kiswahili cha shule.

Alisoma shule ya msingi hapa Sotik na kumaliza darasa la saba mwaka wa 1978. Alipita mtihani, lakini nafasi ya kwenda sekondari ilipewa kaka yake. Hakupenda kuongea sana juu ya hilo. Mwaka uliofuata alienda chuo cha ufundi Kericho, akatoka na cheti cha ushonaji, na mwaka wa 1982 akaweka cherehani yake kwenye veranda ya duka la mtu hapo mjini. Baadaye alipata chumba chake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa sare za shule, na wako hapa watu wazima wenye wajukuu ambao sweta yao ya kwanza ilitoka kwa mikono yake. Akishona alikuwa anashika pini kwa midomo, kwa hivyo alisikiliza zaidi ya kuongea.

Kuhusu ndoa, babu yetu, Guka Naftaly, ameruhusu hadithi hii isomwe. Alileta kitambaa ashonewe suruali. Ilipokuwa tayari akairudisha, akisema inambana. Ikapanuliwa. Akairudisha tena, akisema sasa inaanguka. Ikapunguzwa. Alipoirudisha tena, Cucu alitoa pini mdomoni akamwambia, "Naftaly, suruali haina shida. Sema unachotaka." Guka akasema. Walifunga ndoa kanisani tarehe 14 Desemba 1985, na Guka alivaa suruali hiyo hiyo. Mungu aliwapa watoto watatu: Steve mwaka wa 1986, Shirley mwaka wa 1989 na Kuria mwaka wa 1993. Mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za uchaguzi, familia ilihama kwa miezi michache, kama mnavyojua. Cherehani ilibaki kwa jirani yake, Mama Tecla, na waliporudi waliikuta imefunikwa shuka na kupakwa mafuta.

Steve alichelewa kutembea na kuongea. Alipofika miaka minane, walimu walisema apelekwe kwa ofisi ya tathmini, ile inayoangalia mtoto mwenye ulemavu anafaa kusomea wapi na asaidiwe namna gani. Cucu alifanya jambo ambalo mama yeyote wa hapa kwetu angefanya akiitwa mbele ya wageni. Alimwosha Steve, akamvalisha nguo za Krismasi, na njia nzima akamfundisha kusalimia na kuhesabu vidole. Steve akasalimia vizuri sana. Cucu akaulizwa kama mtoto anajivalisha, akasema ndiyo. Akaulizwa kama anasumbua, akasema ni mtulivu tu. Ripoti ikaandikwa kwamba anaweza kusoma darasa la kawaida. Cucu mwenyewe alipenda kusema, "Tulirudi nyumbani na furaha yetu, na makosa yetu kwa mfuko."

Steve alikaa nyuma ya darasa miaka mingi akichora magurudumu, mpaka siku moja akakataa kwenda. Leo yeye ndiye anayefungua duka kila asubuhi, na hakuna anayejua kitambaa kinakaa wapi kama yeye. Lakini Cucu hakusahau. Tangu hapo, mama akileta watoto kununuliwa sare na mmoja aachwe nje, Cucu alikuwa anachungulia mlangoni na kuuliza, "Na huyu?" Akiambiwa, "Huyo ni wa nyumbani tu," alivuta stuli ya pili, akasema, "Kaa hapa. Hebu niambie Jumatatu yenu ikoje."

Hivyo ndivyo alivyomsikiliza Rodah kutoka Kiptere, ambaye amekaa hapa mbele na mtoto wake Kimutai. Mwezi wa Machi 2025 Rodah aliingia dukani akiwa na sare ya Kimutai imekunjwa vizuri.

"Mama Steve, chukua tu. Haijachafuka."

"Mimi sirudishiwi sare," Cucu akamwambia. "Aliyewahi kunirudishia nguo ni Naftaly peke yake, na huyo alikuwa ananidanganya. Na wewe je?"

Rodah akacheka kidogo. Akasema Kimutai, ambaye alikuwa na miaka tisa na haongei, alikuwa ametumwa nyumbani. Darasani alikuwa akiinuka na kutoka mpaka barabarani, mahali malori ya majani chai hupita. Mwalimu mkuu alikuwa amesema shule haina mtu wa kumwangalia. Na mwezi uliotangulia, ofisi ya tathmini ilikuwa imeandika kwamba darasa la kawaida linamfaa.

"Uliwaambia nini huko?"

"Niliwaambia mtoto wangu ni mzuri."

"Ni mzuri. Lakini si hiyo walikuwa wanauliza. Jumatatu asubuhi ukienda kuchuma chai, Kimutai anabaki na nani?"

Rodah aliangalia vipande vya nyuzi sakafuni. Akasema polepole, "Namfungia ndani."

"Hiyo ndiyo ukawaambie."

"Watasema mimi ni mama mbaya."

"Mimi walisema niko na mtoto hodari, na ikanisaidia nini? Ile ofisi iko pale kwa ajili ya Jumatatu. Hii Krismasi yetu tuwache nyumbani."

Halafu akamweleza mambo ambayo alikuwa ameeleza wazazi wengi kabla yake. Kwamba sheria hairuhusu mtoto azuiwe kusoma kwa sababu ya ulemavu. Kwamba mzazi haendi kule kusomewa hukumu, anaenda kueleza mtoto wake, na ana haki ya kupewa nakala ya ripoti. Kwamba asipokubaliana nayo, anaomba tathmini irudiwe, na haombi msamaha akiomba. Kwamba shule ikisema haimtaki, aombe waandike. "Kwa mdomo mtu husema tu," alisema. "Akishika kalamu, anafikiria."

Rodah alienda kwa mwalimu mkuu, akaomba aandike. Mwalimu hakuandika kwamba anamfukuza. Alisema, "Mama, mimi simkatai huyu mtoto. Naogopa lori." Akamwandikia barua ya kurudi kwa tathmini, na ndani akaeleza habari ya barabara. Cucu alimsifu huyo mwalimu mpaka mwisho.

Ugonjwa ulianza karibu na Pasaka ya mwaka huo huo. Chakula kilikuwa kinakwama kooni. Alisema ni vumbi ya kitambaa. Alianza kukata ugali vipande vidogo, halafu kuumumunya kwa mchuzi, halafu kusema hana njaa. Tuliona, na yeye aliona kwamba tumeona, na hakuna aliyesema. Mwezi wa Juni alikubali kwenda hospitali, na kwa sababu Shirley alikuwa kazini Nakuru, Rodah ndiye aliyemsindikiza.

Siku hiyo Cucu alivaa ile nguo yake ya bluu ya harusi za watu, na kitambaa kipya kichwani. Daktari akamuuliza anaendeleaje. Akasema, "Niko sawa tu, daktari. Ni kikohozi kidogo." Daktari akauliza kama anakula. Akasema anakula vizuri.

Rodah, ambaye kwa kawaida haongei mbele ya wakubwa, akasema, "Daktari, hiyo ni ya Krismasi. Hajameza ugali tangu Pasaka. Hata maji anameza akifunga macho."

Cucu alimgeukia akamwangalia. Tuliambiwa na Rodah kwamba alidhani atagombezwa. Badala yake Cucu alianza kucheka, akacheka mpaka akashika koo, akasema, "Haya, daktari. Andika yake. Yangu futa."

Ilikuwa saratani ya koo. Madaktari walisema haiwezi kuondolewa, lakini walimwekea kibomba kooni ili chakula kipite, na wakampa dawa za maumivu. Alirudi nyumbani akinywa uji na chai ya maziwa, akarudi hata kwenye cherehani, nusu siku, Steve akimzungushia gurudumu mguu ukichoka. Familia inashukuru sana kwa miezi hiyo. Tungeikosa kama angeendelea kuwa sawa tu.

Kitu kimoja kilimsumbua katika miezi hiyo, na hakikuwa koo. Kila jioni aliuliza, "Kimutai wamesemaje?" Tathmini ya pili ilifanyika mwezi wa Oktoba. Rodah alimpeleka Kimutai na sweta ya nyumbani, hakumfundisha chochote njiani, na alipoulizwa akasema yote, hata mlango na kufuli. Hakuna aliyemwita mama mbaya. Walimuuliza tu maswali zaidi, wakamwita na mwenzao aje asikie. Ripoti ilisema Kimutai anafaa kitengo maalum, yaani darasa la watoto wenye ulemavu ndani ya shule ya kawaida, na kuna shule yenye kitengo hicho upande huu wa Sotik. Lakini haikujulikana kama kuna nafasi. Novemba ikaisha, Desemba ikaisha. Cucu alikuwa amepunguka sana, na alishona sare ya Kimutai bila kujua kama itavaliwa. Alipoambiwa apumzike kwanza mpaka jibu lije, alisema, "Jibu likija na sare haiko, nitasema nini?"

Jumatatu tarehe 12 Januari 2026, asubuhi, Rodah aliingia chumbani kwake na Kimutai amevaa. Nafasi ilikuwa imepatikana na walikuwa njiani kwenda. Kimutai hakumwangalia mtu. Alienda moja kwa moja kwa cherehani, ambayo ilikuwa imeletwa kutoka dukani ikawekwa pembeni ya kitanda, akazungusha gurudumu, akasikiliza. Cucu alimvuta pole pole kwa mkono wa sweta, akageuza kola, akachungulia pindo la kaptura.

"Nimemwachia pindo kubwa," akamwambia Rodah. "Usinunue nyingine haraka. Ukiona inapanda, fungua tu."

Walipoondoka alilala, na alilala mchana wote. Hatukuwa tumemwona akilala hivyo tangu Pasaka. Baada ya siku hiyo hakuuliza tena jioni juu ya mtu yeyote. Aliongea na Guka, aliimba kidogo, alimwonyesha Steve mahali funguo za akiba zinakaa. Alifariki nyumbani Alhamisi tarehe 5 Februari 2026, alfajiri, mkono wake ukiwa kwa mkono wa Guka, bila maumivu.

Cucu ameacha mume wake, Mzee Naftaly. Watoto wake Steve, Shirley na Kuria. Wakwe na wajukuu. Kaka yake na dada zake wa Kinangop na Nakuru. Mama Tecla, ambaye familia inamhesabu kama ndugu. Na wazazi wengi kutoka Sotik, Kiptere mpaka Mulot, ambao leo wamekuja na watoto wao wote, na hawakumwacha hata mmoja nyumbani. Duka litafunguliwa Jumatatu. Steve atalifungua, na stuli ya pili itakuwa mahali pake.

Kimutai amekuja na sare yake. Pindo halijafunguliwa bado. Cucu, umemaliza kazi yako. Sasa lala kama ulivyolala ile Jumatatu, na Mungu akutunze.