Mikono ya Jamila na Mkeka wa Mama Philomène

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mama Philomène, mwalimu wa watoto wadogo hapa Kasuku. Tumemzika Jumamosi. Mama Philomène, aliyewapokea watoto wetu wakati wa vita, na baada ya vita pia.

Darasa lake lilikuwa chumba kimoja tu. Kona moja ilikuwa ya maji na vikombe. Nyingine ilikuwa ya herufi za mchanga uliobandikwa juu ya mbao, ili mtoto azifuate kwa kidole. Chini ya dirisha, mbegu za ngazi, yaani za mchikichi, za kuhesabia. Mtoto alichagua kazi yake mwenyewe, akatandika mkeka wake mdogo. Mkeka wa mwenzako huugusi mpaka amalize. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria.

Wakati wa vita akaja Jamila, na mama yake, Hadidja. Walikimbia risasi kule Lokandu. Jamila alikuwa hasemi tena. Hata "mama" hasemi. Kila asubuhi alichagua maji. Anamimina, anarudisha, anamimina tena.

Hadidja akachoka. Ametusimulia huku akicheka na kufuta macho: "Nikamwambia, Mama Philo, mutoto wangu anacheza na mayi tu! Mayi iko ku Lualaba, tele! Namutoa." Mwalimu akamjibu: "Mama Jamila, ikala kwanza, ungoje. Angalia mikono yake."

Hadidja akaangalia. Mikono iliyotetemeka tangu Lokandu ilikuwa imetulia. Akamwacha mtoto.

Siku moja Jules, mtundu wa darasa, akanyoosha mkono achukue kikombe. Jamila akasema: "Acha. Sijamaliza."

"Ee! Kumbe uko na mudomo!" akasema Jules.

Mama Philomène akatoka nje akalie huko, asimkatize Jamila.

Wasikilizaji wapendwa, leo Jamila ndiye mwalimu katika chumba kile kile. Jumatatu, baada ya mazishi, alikuta mkeka wa Mama Philomène bado umetandikwa, na juu yake herufi ambayo marehemu alikuwa akiibandika mchanga, imefika nusu. Akainama aukunje. Watoto wakamzuia: "Mwalimu, usiguse. Hajamaliza."

Jamila akaketi kando ya mkeka. Akauacha.

Kwa mzee Moussa, mume wa marehemu, na kwa watoto wao, poleni sana. Mungu awashike mkono. Nasi tuliobaki, mtoto akirudia jambo lile lile nyumbani leo, tusikimbilie kumkemea. Tuangalie kwanza mikono yake.