Dada Herminia na Vipepeo wa Machi

Baba Paroko, ndugu na majirani wa Las Norias, mimi Nazario, mdogo wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha yake, na nitayasoma yote, hata pale yanaponiaibisha.

Dada Herminia Zertuche Luévano alizaliwa hapa hapa tarehe 11 Februari 1951, akasoma shule ya msingi mjini Ocampo kuanzia 1958 hadi 1964, ambako mwalimu wake alilalamika kwamba mtoto huyu huuliza maswali mpaka kengele inasahaulika. Mwaka 1966 alianza kazi ya kuchemsha mmea wetu wa jangwani, candelilla, na kutoa nta yake, pamoja na baba, na tarehe 3 Mei 1970 akafunga ndoa na Crescencio Olvera, aliyetutangulia mwaka 1998, wakajaliwa watoto wawili, Amparo, 1971, na Lázaro, 1974.

Tarehe 17 Machi 1979, akiwa anakata candelilla, alimwona kipepeo mmoja wa rangi ya chungwa, mbawa zimechanika, akielekea kaskazini. Sote tuliwajua vipepeo hao wanaposhuka kwa makundi mwezi Oktoba, ila hakuna aliyejishughulisha na hao wanaorudi mmoja mmoja, naye akamfuata kwa miguu mpaka akamwona akitaga yai juu ya gugu lenye utomvu mweupe, lile lile linaloua mbuzi wetu. Mwaka huo huo alilipanda nyuma ya nyumba, akalizungushia ua, watu wakamcheka kwamba anafuga sumu, naye kila mwaka akaandika tarehe ya kipepeo wa kwanza, akitaka kujua jambo moja tu, katika jangwa lote hili la miiba, wanajuaje gugu liliko?

Mimi mwenye mbuzi sitini niligombana naye mara nyingi, akanijibu, “Nazario, sumu yangu nimeshaifunga, nawe funga mbuzi wako.”

Januari mwaka huu wa 2024 figo zilianza kumsumbua, na tarehe 26 Februari akalazwa hospitalini Monclova. Tarehe 4 Machi mbuzi wangu wawili walivunja ua, wakala, wakafa, nami kwa hasira nikafyeka gugu lote mpaka udongo ukabaki mtupu.

Alirudi nyumbani tarehe 19 Machi, na siku mbili baadaye, saa sita mchana, akaomba tumpeleke kwa kiti nyuma ya nyumba. Aliutazama ule udongo, nami nikatamani ardhi inimeze. Ndipo akaja kipepeo, akazunguka, akatua kwenye machipukizi madogo kama kucha, ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa ameyaona, akataga.

“Tazameni!” alisema dada, akicheka. “Kumbe wanapenda machipukizi machanga! Aliyefyeka hapa amenifunza kitu, miaka yote hii sikuwahi kufikiria kufyeka.”

Alifariki jana, Jumapili ya Matawi, tarehe 24 Machi, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Monclova, majirani mliochemsha kahawa na maharage, na wenzake wote wa kazi ya nta. Dada hakuniuliza ni nani aliyefyeka, ingawa alijua, nami nilikuwa nikingoja apate nafuu kidogo ndipo nimwombe radhi, hakupata, kwa hiyo namwomba sasa mbele yenu.

Nisamehe, dada. Pumzika kwa amani.