Pombe Aliyoitema: Wasifu wa Tumainieli Sifael Mrutu, Mwonjaji (1953–2025)

Wasifu huu umeandikwa na Dorkas Sifael, mdogo wake marehemu, na ndiye anayeusoma. Wasifu hautaki "mimi", kwa hiyo naye atatajwa humu kwa jina kama wengine. Anaomba avumiliwe akinyamaza katikati. Amechoka, hajalala sawasawa tangu mwezi wa pili, na miwani yenyewe ni ya kuazima.

Tumainieli Sifael Mrutu alizaliwa hapa Vuje tarehe 22 Februari 1953, mtoto wa kwanza wa marehemu Sifael Mrutu na marehemu mama yetu Hedwiga. Alibatizwa Pasaka ya mwaka uleule. Mwaka 1956 akazaliwa Dorkas, na baada ya hapo Mungu hakuwapa wengine, kwa hiyo walikuwa wawili tu. Walilelewa zaidi na bibi mzaa baba, aliyekuwa mpishi wa dengelua, pombe ya miwa, anayetafutwa mpaka Gonja. Bibi aliwafundisha wote wawili. Dorkas alifundishwa kukamua miwa na kuchagua tunda kavu la mwegea la kuchachulia. Tumainieli alifundishwa kuonja tu, maana mikono yake ilikuwa mizito lakini ulimi wake ulikuwa wa ajabu. Akiwa na miaka tisa aliweza kukwambia muwa huu umetoka bondeni na huu umetoka juu karibu na msitu. Watu wazima walikuwa wakimbishia, kisha wanakwenda kuuliza, wanarudi na muwa mwingine wa kumjaribu.

Bibi aliwafundisha na jambo jingine, ambalo wazee waliopo hapa wanalijua na vijana huenda hawalijui. Mpishi huonja kwanza mbele ya watu. Kisha mwanamume wa nyumba yake hupokea kibuyu na kumeza, huko ndiko kukifungua, na hapo ndipo wageni hunywa bila wasiwasi. Ndugu wa mpishi akimeza, amesema pombe hii ni salama na huyu ni damu yangu.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Vuje, 1961 hadi 1967, kisha sekondari mjini Same hadi 1971. Hesabu ilimpiga chenga mpaka mwisho. Mwaka 1974 aliajiriwa katika kiwanda cha bia mjini Arusha, kuosha chupa. Alifanya kazi ya chupa miaka sita kabla mkubwa mmoja hajagundua kwamba yule Mpare wa chupa akinusa pipa anajua limeharibika kabla ya mashine. Wakampandisha akawa mwonjaji. Aliishi kwa ulimi huo mpaka mwaka 1998 walipopunguza wafanyakazi, akarudi nyumbani na godoro, redio na barua ya shukrani.

Mwaka 1999 alipata kazi kwa Mbelgiji mmoja aliyeitwa Lieven, aliyekuwa na kiwanda kidogo pale Usa River, mapipa manane tu. Walikuwa wakitengeneza bia ya kwao Ubelgiji inayoitwa sezoni. Tumainieli aliipenda bia ile kuliko mshahara wake. Alikuwa akiinyanyua glasi dirishani aangalie rangi, ya njano yenye ukungu, anangoja povu litulie, ananusa mara mbili, kisha ndiyo anaonja. Alisema mwanzo utapata ndimu, katikati pilipili manga, na mwisho inakauka ulimini hata ukatamani nyingine kabla hujamaliza hii. Yeye ndiye aliyemshawishi Lieven atie tangawizi ya milima yetu katika pipa moja, na pipa hilo ndilo lililokwisha kwanza.

Siku moja Lieven alimweleza kwamba zamani bia hiyo ilipikwa mashambani kwao wakati wa baridi, ikatunzwa, wakapewa vibarua wa mavuno ili wasianguke na kiu. Tumainieli alicheka mpaka akakaa chini. "Lo! Bwana Lieven, miaka yote hii unaniringia pombe ya msaragambo!" Mwenzake Habibu, wa kule Kileo, aliyekuwa mwosha mapipa, ndiye aliyemweleza Mzungu kwamba msaragambo ni kazi ya kijiji kizima, na kwamba Wapare hawawezi kuchimba mtaro bila chungu kuwepo kivulini. Habibu ni Mwislamu, hakuwahi kuonja hata tone, lakini kwa pua alimshinda Tumainieli mara mbili. Amefika leo, na tunamshukuru.

Tumainieli alikuwa na ugumu wake, lazima usemwe. Hakuwa mtu wa kusifu. Ukimuuliza pombe ikoje atakwambia, "Inanyweka." Akiulizwa kwa nini, hujibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa wageni ilikuwa ni kichekesho. Kwa mdogo wake, aliyekuwa mjane tangu 1997 akisomesha watoto wawili kwa dengelua, haikuwa kichekesho sana.

Mwaka 2005 aliitwa Nairobi kuwa mmoja wa waamuzi wa mashindano ya bia za viwanda vidogo. Huko walionja bia thelathini kwa siku, na kwa hiyo walifundishwa kutotia kitu tumboni. Unazungusha kinywani, unaandika, unatema ndooni. Alirudi na daftari, na alirudi na tabia hiyo.

Jumamosi tarehe 19 Agosti 2006 kulikuwa na msaragambo wa kuzibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia, lililokuwa limejaa tope. Tumainieli alikuwa likizo. Dorkas alipika vyungu vitatu. Watu walichimba mpaka saa nane, wakaketi. Dorkas akaonja, akamkabidhi kaka yake kibuyu akifungue. Kaka yake akakinyanyua juani aangalie rangi, kama vile yuko Usa River. Akanusa mara mbili. Akavuta kinywani, akazungusha, akafumba macho. Kisha akageuka pembeni akatema chini.

Alifanya hivyo kwa mazoea. Dorkas aliligundua hilo baadaye, na hata siku ile moyoni alilijua. Lakini watu themanini waliona ndugu wa damu anatema pombe ya nduguye. Mzee Eliezeri, aliyekuwa wa pili kupokea, aliurudisha mkono wake mfukoni. Mwingine akasema kanisani wamekatazwa. Mwingine akakumbuka ng'ombe wake. Tumainieli alikuwa bado anatafuta kalamu. Alipoinua uso, watu walikuwa wanachukua majembe yao. Vyungu vitatu vilimwagwa mgombani, na Dorkas alivimwaga peke yake.

Hakuna aliyemwita mchawi usoni. Wapare ni watu wa adabu. Waliacha tu kuagiza. Harusi zikaagiza kwingine, misaragambo ikaagiza kwingine, na akipita njiani anasalimiwa vizuri, "Shikamoo mama", huku mtoto anavutwa upande wa pili. Akaacha chungu, akalima tangawizi, na mgongo alionao leo ni wa tangawizi hiyo. Miaka kumi na tisa si mchezo.

Kaka yake aliomba radhi. Alileta kitenge, alileta mabati ishirini. "Dorkas, ile ni kazi tu. Wataalamu wote wanatema."

"Hapa si kwa wataalamu, Kaka. Ulitema mbele ya watu. Meza mbele ya watu."

"Mtu wa makamo yangu nisimamishwe nimeze, kama mtoto anayenyweshwa dawa?"

"Basi kaa na ukubwa wako."

Hivyo ndivyo walivyokaa. Wasemao ndugu wakigombana shika jembe ukalime walikuwa na haki, maana kila aliyejaribu kuwapatanisha alipoteza siku yake.

Aliyejaribu zaidi ni mkewe. Tumainieli alifunga ndoa na Devotha tarehe 12 Desemba 1981, na walijaliwa watoto wawili, Agape na Fredrick. Devotha alitoka katika nyumba ya Kikatoliki, akakubali kuwa Mlutheri kwa sharti moja tu, kwamba mume hataonja mboga yake na kuitolea maoni. Sharti hilo lilivunjwa wiki ya kwanza. Marehemu alipostaafu mwaka 2013 wakarudi Vuje, hatua mia moja kutoka kwa Dorkas, na Devotha akawa anapita katikati kila siku na sahani iliyofunikwa. Alitutoka tarehe 3 Julai 2018. Baada ya hapo Dorkas ndiye aliyekuwa akipeleka sahani. Anaiweka mezani, "Umeamkaje?" "Nimeamka." Anarudi kwake.

Oktoba 2023 marehemu alianza kupaliwa na ugali. Hospitali ya rufaa Moshi walisema ni saratani ya koo. Alichomwa mionzi Dar es Salaam, sauti ikapotea, koo likasinyaa, akawekewa mpira wa kulishia tumboni. Tarehe 8 Februari mwaka huu watoto walimrudisha nyumbani. Agape ana kazi Arusha, Fredrick yuko Mwanza, nao wamefanya wajibu wao bila kusukumwa. Lakini mtu wa kuosha mpira na kusaga uji kila baada ya saa tatu alikuwa Dorkas. Alifanya kazi hiyo kwa hasira. Afadhali isemwe hapa kuliko isemwe vijiweni. Miezi mizima alisaga uji kwa hasira, akimgeuza kitandani kwa hasira, na usiku huohuo akiamka kusikiliza kama anapumua.

Aprili, marehemu alivuta lile daftari lake la kuonjea, ambalo sasa ndilo alilotumia kuzungumza, akaandika: "Nipikie dengelua. Waite wazee. Nitafungua kibuyu."

Dorkas alimjibu, na hajivunii: "Sasa hivi? Koo limefungwa ndiyo unataka kumeza? Miaka yote lilipokuwa wazi ulikuwa wapi?"

Akaandika, "Nilikuwa mjinga." Chini yake akaandika, "Nitajifunza."

Kuanzia hapo kila asubuhi, baada ya kuoshwa, alikuwa akiomba kikombe cha maji na kijiko cha chai. Daktari alikwisha kuonya kwamba maji yanaweza kushika njia ya mapafu, na marehemu alionyeshwa onyo hilo, akaigeuza karatasi ikaangalia chini. Wiki za kwanza kila kijiko kilirudi kwa kikohozi cha kumtoa machozi. Mwanamume aliyelipwa zaidi ya miaka thelathini kwa ajili ya kinywa chake alikuwa akihangaika na maji ya kijiko kimoja. Mwezi Mei nusu kijiko kilipita. Dorkas alikuwa akikaa pembeni na taulo, na anakiri kwamba hasira ilianza kumchosha kuliko kazi.

Jumanne tarehe 10 Juni kijiko kizima kilikwenda bila kikohozi. Walitazamana. Marehemu alinyoosha kidole gumba, akachukua kalamu, akaandika: "Jumamosi. Mwite Eliezeri na wote waliobaki. Nitameza." Jioni ile Dorkas alituma habari kwa wazee, na kesho yake asubuhi akaingia shambani kukata miwa, mara ya kwanza tangu 2006.

Tumainieli alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, Dorkas akiwa bado shambani. Alikutwa amelala kwa ubavu, uso umetulia, kikombe kimefunikwa. Dorkas amejiuliza kama ni yale maji. Daktari amesema sivyo, ugonjwa ulikwisha kufika mwisho wake. Amemshukuru daktari, na ataendelea kujiuliza.

Marehemu ameacha watoto wawili, Agape na Fredrick, wajukuu wanne, rafiki yake Habibu, na mdogo wake Dorkas. Ameacha pia madaftari kumi na moja ya bia. Katika daftari la mwaka 2006, ukurasa wa tarehe 19 Agosti, pameandikwa "Dengelua ya Dorkas", kisha mstari mtupu. Kalamu aliipata watu wakiwa wameondoka, na hakuandika tena. Daftari la mwisho, lenye maneno aliyoandika Jumanne, liko mezani karibu na kitabu cha rambirambi. Mwandiko wake mnaujua. Nendeni mkasome.

Leo ni Jumamosi ile aliyoitaka. Wazee aliowaita mmekuja, ingawa kwa jambo jingine. Miwa ilikuwa imekwisha kukatwa, na Dorkas hakuweza kuiacha ikauke, kwa hiyo aliikamua Alhamisi, huku nyumba imejaa wafiwa. Chungu kimoja kiko nyuma ya jiko. Mchungaji ameelezwa, na amesema akishamaliza ibada ana safari ya Maore, hatakaa. Tunamshukuru kwa safari hiyo.

Mzee Eliezeri, shikamoo. Aliyepaswa kufungua kibuyu yumo ndani ya sanduku hili. Fredrick angeweza kushika nafasi ya baba yake, lakini kosa halikuwa lake. Dorkas ataonja kwanza mbele ya watu wote, kama bibi alivyofundisha, kisha atakileta kibuyu moja kwa moja mpaka mkononi mwako. Ana miaka sitini na tisa. Hana nguvu za kusimama muda mrefu mkono umenyooshwa.

Tumainieli apumzike kwa amani. Na Dorkas naye mpumzisheni, angali hai.