Mgongo wa Kabula Nilioutangaza Kuwa Umepona

Amani ya Bwana iwe nanyi, ndugu zangu. Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Kabula, fundi cherehani wa Buswelu, na katika kwaya hii nimeimba miaka mingi. Mwaka jana nilisimama hapa hapa nikatoa ushuhuda, nanyi mkamshangilia Mungu kwa ajili yangu. Leo nimeomba nafasi tena kwa sababu ushuhuda ule ulikuwa wa uongo.

Naomba mnivumilie nianze mwanzo.

Kabula ni mtoto wangu wa kwanza. Alipokuwa darasa la sita nilikuwa nampima sare ya shule, nikaona pindo la sketi limepanda upande mmoja. Nikadhani nimekosea kukata. Nikapima tena, kitambaa hakikuwa na kosa. Nikamwambia asimame vizuri. Akanijibu, "Mama, mbona nimesimama." Nikapitisha mkono mgongoni, nikakuta uti umekwenda pembeni kama njia ya ng'ombe.

Ndugu zangu, mama mwingine angempeleka mtoto hospitali wiki ile ile. Mimi nilishona. Nilishusha pindo upande ule, nikaweka sponji kwenye bega lililokuwa chini. Kila mwaka mgongo ulizidi kupinda, nami nikazidisha ufundi. Baadaye akaanza kuinama mbele, nundu ikajitokeza, nikamshonea magauni mapana. Wageni wakija nilimtuma jikoni. Niliogopa neno moja tu, kibiongo. Kijijini kwetu kulikuwa na mama mmoja tuliyemwita hivyo, na mimi nilikuwa mmoja wa watoto waliomfuata nyuma wakimwimbia. Nilijua wimbo ule. Sikutaka mwanangu aimbiwe.

Ndipo ukaja mkutano wa maombi. Mtumishi mgeni alimwekea Kabula mikono, naye akajikaza akasimama wima kwa dakika chache. Nikaona nilichotaka kuona. Jumapili iliyofuata nikaja mbele yenu nikasema mgongo umenyooka. Mkapiga vigelegele. Kabula alikuwa kule nyuma, amevaa sweta juu ya gauni, na jua lilikuwa kali.

Tangu siku ile hakulalamika tena. Mimi nikaita hiyo amani. Kumbe mtoto alikuwa ananitunzia heshima. Baadaye aliniambia, "Ningesema naumwa, wangesema mama yangu ni mwongo." Ndugu zangu, maneno hayo ninayo mpaka leo.

Alipofika kidato cha pili, mwalimu wake wa darasa aliniita. Shule iko mlimani, na Kabula alikuwa anapumzika mara tatu kabla ya kufika juu. Mwalimu hakunigombeza. Alisema tu, "Mama Kabula, huyu mtoto anahema hata akiwa amekaa. Mpeleke hospitali. Ukitaka nitakusindikiza."

Tukaenda mimi, Kabula na baba yake. Daktari alituonyesha picha ya eksirei. Mgongo ulikuwa umepinda kwenda upande na pia umekunjika mbele, na mbavu zilikuwa zinabana pafu moja. Akaniuliza, "Mlianza kuona lini?"

Nikajibu, "Mwaka huu, daktari."

Kabula akasema taratibu, bila kuniangalia, "Tangu darasa la sita. Mama ndiye anayenishonea nguo."

Daktari akaandika. Mume wangu alinigeukia, hakusema kitu. Natamani angesema.

Tulielezwa kwamba mkanda wa kushikilia mgongo ungeweza kusaidia mapema, lakini sasa muda wake umepita. Kilichobaki ni upasuaji wa kuweka vyuma na skrubu kwenye uti. Mgongo usingenyooka wote, na sehemu yenye vyuma isingekunjika tena. Tena kulikuwa na hatari ya kuguswa mishipa ya fahamu, miguu ikapoteza nguvu. Tukimwacha hivyo, anaendelea kukua, mgongo nao unaendelea kupinda, na pumzi inazidi kuwa fupi.

Tulirudi nyumbani tukakaa na jambo hilo wiki nyingi. Mama mkwe wangu alivuka na kivuko cha Kamanga kutoka Sengerema, akasema, "Mtoto anatembea. Mkimpasua mgongo mkamrudisha hatembei, mtamwambia nini?" Mume wangu alikubali upasuaji asubuhi, jioni akaukataa. Mimi nilikuwa nakataa moja kwa moja, nikisema tungoje, Mungu atamaliza alichokianza.

Lakini leo niseme kweli mbele za Mungu. Niliogopa miguu yake, ndiyo. Niliogopa zaidi kovu. Kovu lingewaambia ninyi nyote kwamba nilidanganya. Niliweka pumzi ya mwanangu kwenye mizani pamoja na jina langu kanisani, na kwa wiki zile jina langu lilikuwa zito zaidi.

Siku moja mchana nilikuwa naomba chumbani, nashukuru kwa sauti kwa uponyaji wake. Kabula akaingia, akakaa kitandani.

"Mama, ukiniombea usimwambie Mungu nimepona. Mwambie naumwa."

Nikaacha kuomba.

"Mimi sitaki kunyooka ili watu waone," akasema. "Nataka kupumua. Naogopa upasuaji, lakini huku kubanwa naogopa zaidi."

Nilishindwa kuinua uso. Nikamwomba Mungu kwa maneno yale aliyonipa Kabula, kwamba mtoto anaumwa, kwamba mimi nilijua, kwamba nilificha. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofunguliwa. Mgongo ulikuwa bado umepinda vile vile, lakini uongo ulinitoka. Jioni ile nilimwambia mume wangu kila kitu, na wiki ile ile tukarudi kwa daktari.

Upasuaji ulichukua karibu siku nzima. Kabula alipozinduka, daktari alimwambia achezeshe vidole vya miguu. Vya kulia vikacheza. Vya kushoto havikucheza. Sina namna ya kuwaeleza siku zile. Siku ya nne kidole gumba kikasogea. Mazoezi yakachukua miezi. Leo Kabula anatembea, mguu wa kushoto unachoka upesi, nundu imepungua lakini ipo. Na anapanda mlima wa shule bila kusimama. Namshukuru Mungu, nawashukuru madaktari, namshukuru mwalimu yule.

Kwenu ninyi naomba msamaha. Niliwafanya mshangilie kitu ambacho hakikuwepo. Kabula nilimwomba msamaha nyumbani. Amesema anajaribu, nami sitamharakisha.

Kama kuna mzazi hapa mwenye mtoto anayemficha, namsihi amwamini Mungu kiasi cha kumwambia kweli, kisha amtoe mtoto aonwe na daktari. Njoo kwangu Buswelu siku yoyote. Nitakwenda na wewe hospitali, nitakaa na wewe kwenye benchi mpaka jina la mtoto liitwe. Sitakuuliza kwa nini ulichelewa.