Bonge Katika Mshipa wa Abdunoor

Mgeni rasmi, Daktari Lanyero, bingwa wa moyo kutoka Kampala. Mapadri na masheikh wetu. Ndugu wa Kasese na Bwera:

KARIBU KWETU
Sisi wafanyabiashara na wachukuzi, Wakatoliki tuliotoka Beni na Butembo, ng'ambo ya mpaka, pamoja na Waislamu wa hapa, tunakupokea kwa furaha. Wengi tunakuona leo kwa mara ya kwanza, lakini jina lako tunalitaja mwaka mzima.

YALIYOTUKUTA
Mwaka jana, 1973, dereva wetu Abdunoor alishikwa na maumivu hapa Bwera akipakia kahawa. Alikaa chini, jasho likimtiririka. "Kifua iko nafinya mimi," alisema.

Tulidhani ni tumbo. Ndivyo tulivyodhani kwa mwenzetu Sosthène, tukamzika. Mjane wake, Kahambu, akatufokea: "Hapana tumbo! Bwana yangu alisema vile vile. Mumupeleke Kampala!"

Tukampeleka.

KAZI YAKO
Huko mlipitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa mpaka kwenye moyo, mkatia dawa ya rangi, mkapiga filamu. Wenzako walisema mshipa umekuwa mwembamba kwa ugonjwa wa zamani, apumzike tu. Wewe ukasema, "Irudisheni filamu. Tazameni, rangi inapita pembeni, katikati kuna kivuli cha mviringo. Hili ni bonge la damu, tena jipya."

Ukampa dawa ya kuzuia damu isizidi kuganda. Filamu ya pili ilionyesha rangi ikifika mpaka mwisho wa mshipa.

TULIPOFIKA
Abdunoor ndiye yule mwenye kanzu, anayecheka. Anaendesha tena. Siku hizi mtu akilalamika kifua kinabana, hatumpi magadi ya kutuliza tumbo, tunamtafutia gari. Wawili wamekwisha kupona hivyo.

TUNALOOMBA
Lakini Kampala ni mbali, na mwezi uliopita mwenzetu Stanislas alitufia garini kabla ya kufika popote. Mashine ya filamu hatuiombi. Tunaomba ile ndogo ya kuchora mapigo ya moyo, na muuguzi wetu Mayimuna afundishwe kuisoma. Chumba tumejenga, kimeezekwa. Kiwanja ametoa Kahambu, naye ametutuma tukusomee maneno yake kama yalivyo:

"Daktari, mimi sikupata mutu wa kuniambia ni moyo. Wengine bapate."

Mungu akufikishe salama, na macho yako yazidi kuona tusiyoyaona.

Ni sisi,
Wafanyabiashara na Wachukuzi wa Kasese na Bwera
Msomaji: Mariat